Nyumba Iliyotekwa

Makuruta waliingia kupitia dirishani, kwa kuwa mlangoni palining'inia turubai, na walikuwa wamefundishwa kwamba penye turubai pana mtego. Walikuwa sita, nyuso zimepakwa masizi, kofia zimechomekwa majani, na kila mmoja akipiga kelele za "Chini! Wote chini!" utadhani ndani mmejaa kijiji kizima. Ndani alikuwamo mama mmoja mtu mzima, ameketi juu ya kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Chini wapi tena?" aliuliza. "Na magoti haya?"

Huyu alikuwa mama yake Kinyozi, aliyekuja kumtembelea mwanawe na kumtia mkaza mwana adabu. Mkaza mwana mwenyewe, mkewe Kinyozi, mshonaji wa nguo, wakati huo alikuwa bombani akigombania foleni ya maji. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwaeleza vijana kwamba wamekosea nyumba.

Na kukosea kwenyewe kulikuwa rahisi, tusiwalaumu sana. Nyuma ya mtaa ule palikuwa na uwanja wa jeshi, na ndani ya uwanja jeshi lilijenga kijiji cha mazoezi: nyumba za matofali matupu, hazina lipu, hazina milango wala madirisha, za kufundishia askari namna ya kuvamia. Zamani kati ya kijiji kile na mtaa palikuwa na pori la kupotelea mbuzi. Mji ukakua. Madalali wakauza viwanja, wakauza na vichochoro vya kati ya viwanja, mpaka nyumba za raia zikafika puani mwa nyumba za jeshi. Na raia hujenga kwa awamu: leo kuta, mwakani bati, lipu Mungu akipenda. Matofali yote yalitoka tanuri moja. Ukisimama mbali hujui ipi ya mtu na ipi ya kuvamiwa, ila tu za jeshi zilikuwa zimenyooka zaidi.

Makuruta wale walikuwa na kisirani chao kingine. Wiki iliyopita koplo wao alivaa gauni na mtandio, akajikunyata pembeni mwa nyumba ya mazoezi kama bibi kizee, nao wakampita wakimwambia shikamoo. Koplo akatoa bunduki ya mbao chini ya gauni na kuwaua wote. Wafu wale waliruka kichura hadi jua likazama. Kwa hiyo asubuhi hii walikuwa wameapa kwamba bibi hawapiti tena.

"Koplo, safari hii hutupati," alisema kiongozi wao, akauvuta mtandio wa mama.

Chini ya mtandio zilitokea mvi. Kijana alizitazama kwa makini, akamgeukia mwenzake. "Ona alivyojiandaa. Kanunua na wigi." Akazivuta na mvi.

Hapo ungo ulimpata usoni, mchele ukatapakaa sakafuni. Mtu mwenye busara angejiuliza maswali, lakini kuruta hafundishwi kujiuliza maswali. Walimwinua mama yule pamoja na kigoda chake, wawili mbele, wawili nyuma, mmoja akashika bunduki za wote, mmoja akashika ungo kama ushahidi, wakatoka naye wakiimba.

* * *

Kibanda cha Kinyozi kilikuwa mbele ya lango la kambi, na riziki yake yote ilikuwa vichwa vya jeshi. Alikuwa fundi wa mitindo ya kila aina, lakini askari hunyolewa mtindo mmoja tu, wa kumaliza, na miaka ile mkono wake ulikuwa umeanza kusahau mengine. Asubuhi hiyo kwenye kiti chake alikaa Kapteni, mkuu wa mafunzo. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu bado.

"Sikiliza," alisema Kapteni, amefumba macho kwa raha. "Wanaimba. Wakiimba hivyo ujue wamekamata mtu."

Kinyozi alitazama nje, mashine ikiunguruma mkononi. Aliona makuruta, akaona kigoda, juu ya kigoda akaona mama yake mzazi, hana mtandio, ametulia tuli kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume asiyempenda.

"Afande," alisema polepole, "yule mateka wenu ni mama yangu."

Kapteni alifumbua macho. Aliruka nje na shuka la kinyozi shingoni, makuruta wakamwona, wakasimama wima, wakavua kofia. Masizi yaliwaficha nyuso, lakini Kinyozi aliwatambua wote kwa visogo. Mwenye kovu la jipu alimnyoa juzi. Mwenye kichwa cha yai alimpunguzia bei kwa ajili ya uchache wa nywele. Ndio hao waliombeba mama yake hadharani, na watu wa sokoni wakiuliza kama ni mgonjwa au ni chifu.

"Mama, shikamoo," alisema Kapteni. "Tunakuomba radhi sana."

"Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na nusu kichwa hicho?"

Kapteni alijipapasa, akaamua kuendelea. "Vijana walidhani ni nyumba yetu ya mazoezi. Hawakujua kwamba pale pana nyumba ya mtu."

Sasa, mama yule angeweza kujibu kwa maneno mengi ya maana. Lakini mdomo huponza kichwa, na mama alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa ya siku ile tu. Kwao alikotoka aliaga mtaa mzima. Alipita nyumba hadi nyumba akisema mwanangu amejenga, nakwenda kukaa kwenye nyumba ya mwanangu, wenzake wakampikia na maandazi ya safari. Alipofika akakuta kuta, bati lenye matundu na turubai. Tangu siku hiyo jambo lile lilikuwa limemkaa kooni, akalimeza kila asubuhi, na leo likapanda juu lote.

"Nyumba gani?" alisema. "Nyumba haina mlango, haina dirisha, mvua inanyeshea ndani kuliko nje! Za kwenu za kuvunjwa zimekaa vizuri kuliko ya mwanangu ya kukaa. Hawa vijana wana macho. Wameona gofu, wameingia gofu!"

Watu walicheka. Kapteni hakucheka. Alimtazama mama, akamtazama Kinyozi.

"Unasema pale ni gofu, mama? Hapakaliwi?"

"Nasema ninavyosema."

Kapteni alirudi kitini akanyolewe nusu iliyobaki, akazungumza na Kinyozi kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa rafiki habari ya msiba. Alhamisi angepita na mpima ardhi kuchora mpaka mpya wa uwanja. Viwanja vya safu ile vyote viliuzwa na madalali, hati zake ni za kubahatisha, na jeshi lingeweza kuvichukua vyote. Lakini wakubwa wamekubaliana na halmashauri. Jengo linalokaliwa na watu, mpaka utalizunguka. Gofu litaingia uwanjani.

"Likishaingia uwanjani linafanywa nini?" aliuliza Kinyozi.

"Linatumika."

"Kwa kazi gani?"

"Kuvamiwa," alisema Kapteni. "Mimi sina ubaya na wewe, Kinyozi. Lakini askari lazima afundishwe mahali. Siwezi kumfundisha sebuleni kwa watu."

Kinyozi alitaka kusema kwamba asubuhi hii sebuleni ndiko alikomfundisha. Akakumbuka ni vichwa vya nani vinavyomlisha, akampangusa Kapteni shingo na kumpaka poda.

* * *

"Gofu?" alisema mkewe Kinyozi. "Alisema gofu? Mbele ya Kapteni?"

"Mbele ya soko zima."

Walikuwa jikoni, yaani pale palipopangwa kuwa jikoni. Mama alikuwa chumbani mwake, yaani upande wa pili wa shuka lililotundikwa kwenye kamba, akisikia kila neno na kukohoa kila alipotajwa.

Mkewe Kinyozi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kuta zile alizijenga kwa cherehani. Alishona sare za shule mpaka macho yakaota ukungu, alishona mapazia ya nyumba za watu wenye madirisha, na kila tofali alilijua lilitoka kwenye nguo ya nani. Miaka ya kupanga alikoma: chumba kimoja, mwenye nyumba mlangoni kila mwisho wa mwezi, choo cha familia nane. Walipohamia hapa bila mlango alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala. Na sasa kitu hicho chote kilikuwa mikononi mwa mpima ardhi na mdomo wa mama mkwe.

"Kamwambie afute maneno yake," alimnong'oneza mumewe.

"Mama yangu? Afute?" Kinyozi alimtazama kama aliyeambiwa akamnyoe simba. "Nenda wewe. Wewe ni mwanamke mwenzake."

"Mimi ndiye niliyeunguza sufuria yake. Hatanisikiliza."

Shuka lilikohoa. "Sufuria yangu ya aluminiamu," lilisema. "Niliinunua kabla huyo hajazaliwa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema jembe anakabidhiwa na nani ikiwa mgeni ni mama mkwe. Mkewe Kinyozi alikuwa amemeza kwa muda mrefu. Chumvi ikizidi alimeza, chumvi ikipungua alimeza. Jioni ile naye alimeza, akaenda kushona mapazia. Safari hii yalikuwa ya madirisha yake mwenyewe, na aliyakata kwenye kitambaa cha sare zilizokosewa kipimo.

* * *

Habari za Alhamisi zilikuwa zimetia hofu safu nzima, kwa sababu hapakuwa na nyumba hata moja iliyokamilika. Majirani walikutana kwa Mwenye Kochi. Huyu alikuwa dereva mstaafu, na jina alilipata kwa kuwa ndiye pekee katika safu ile aliyemiliki kochi, kubwa, jekundu, la kukaliwa na watatu wanaopendana au wawili wasiopendana.

"Mpima akiona kochi," alisema Mwenye Kochi, "hawezi kusema hapakaliwi. Gofu haliwekwi kochi."

"Sisi hatuna kochi," alisema jirani mmoja.

"Ninalo mimi. Litazunguka."

Mpango ulikuwa hivi. Kapteni na mpima wataanzia mwanzo wa safu, nyumba moja baada ya nyingine, wakiingia kwa mbele. Kochi litatoka kwa nyuma na kuwatangulia. Pamoja nalo litakwenda saa ya ukutani na mlango mmoja wa mbao pamoja na fremu yake, uliotolewa bawaba na kupachikwa za kuchomoa. Nyumba ya Kinyozi ndiyo ya mwisho. Mwenye Kochi alikubali kwa sharti moja tu: atalifuata kochi lake popote litakapokwenda, kwa sababu lina mguu mmoja wa kushikiza.

Kinyozi alimweleza mama yake mpango, akapiga magoti kabisa. "Mama, kesho ukae juu ya kochi, utabasamu. Akikuuliza, sema hapa ni nyumba. Neno moja tu."

"Nidanganye? Umri huu?"

"Si uongo, mama. Tunaishi hapa."

"Mnaishi," alisema mama. "Mimi nimetembelea. Na nimetekwa."

* * *

Alhamisi kochi lilifanya kazi ya jeshi. Lilipokewa nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, wanaume wanne wakihema kichochoroni, Mwenye Kochi nyuma yao akisema "Polepole na mguu, jamani, mguu." Kila Kapteni alipomaliza kunywa maji nyumba moja, kochi lilikuwa linangoja nyumba ya pili. Mpima ardhi, kijana mwembamba mwenye miwani na buti mpya, alikuwa anaandika tu.

Nyumba ya nne Kapteni alikaa, akasimama, akakaa tena. Akapapasa kiti. "Hili kochi lina joto," alisema.

"Tulikuwa tumekaa sisi, afande," mwenye nyumba alijibu.

"Mnapenda sana nyekundu mtaa huu."

"Lilikuja gari zima, afande. Bei nafuu."

Nyumba ya tano Kapteni hakukaa. Alitazama saa ya ukutani, ambayo kwa kutikiswa ilikuwa imesimama tangu nyumba ya pili, akatazama mguu wa kochi, akamtazama Mwenye Kochi aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia. "Na huyu naye nimemwona nyumba zote," alimwambia mpima. "Twende."

Walikwenda haraka kuliko ilivyotarajiwa. Wabebaji walipofika kwa Kinyozi tayari Kapteni alikuwa anapita uani kwa jirani, na kwa hofu wakalisukuma kochi mlangoni likiwa limelala ubavu. Likaingia nusu, likagoma. Wakalivuta, likagoma. Ule mguu wa kushikiza ukajinasa kwenye fremu ya ule mlango wa kuazima, na Mwenye Kochi akatoa sauti ya mtu aliyefiwa.

Ndivyo Kapteni alivyoikuta nyumba ya Kinyozi: kochi limeziba mlango, nusu ndani, nusu nje, Kinyozi upande mmoja anatabasamu, wabebaji upande wa pili wanatabasamu. Alizunguka na mpima wake, wakaingia kupitia dirishani kama makuruta.

"Karibuni," alisema mkewe Kinyozi. Mapazia ya kitambaa cha sare yalikuwa yananing'inia vizuri, amepiga na pasi.

Mpima alitazama kuta, akatazama juu, akaona mbingu kwenye tundu la bati. "Kwa viwango vya halmashauri," alisema, "jengo lisilo na mlango wake lenyewe wala dari ni jengo lisilokamilika. Nikiandika gofu sijakosea."

"Ngoja," alisema Kapteni. Mama alikuwa pembeni kwenye kigoda chake. Alikuwa amekataa kabisa habari za kochi. "Mama, wewe uliniambia hapa ni gofu. Nakuuliza mbele ya mwanao. Unasemaje leo?"

Kinyozi alimtazama mama yake kwa macho ya utotoni. Na mama, tuseme ukweli, alitaka kumsaidia. Usiku kucha aliligeuzageuza lile neno moja. Lakini neno likitakiwa mbele ya watu, tena kwa kuombwa, linakuwa zito, naye hakuwa mtu wa kurudi nyuma hadharani. Akaanza mbali.

"Niseme nini, baba? Mvua ikinyesha inanidondokea kitandani kwangu. Moshi wa huyu unaingia chumbani kwangu. Pipa lake la maji kaliweka kwenye kona yangu ninayoswalia—"

"Mama," alisema mkewe Kinyozi.

"—na nilimwambia asiliweke."

"Mama, pipa niliweke wapi?" Sauti ya mkewe Kinyozi ilipanda, na mwenyewe alishtuka kuisikia. Yale yote aliyoyameza yalikuwa yanarudi. "Jikoni kwangu umejaza vikapu vyako! Barazani, cherehani yangu imesogezwa ili wewe uote jua! Niliweke kichwani?"

"Jikoni kwako? Jiko gani ambalo mtu anaunguza sufuria ya mwenzake?"

"Sufuria! Kila siku sufuria! Na chumvi je? Nani anayeongeza chumvi kwenye chungu changu nikienda bombani?"

"Chakula chako hakina ladha!"

"Mume wangu anakila!"

"Mwanangu ana huruma tangu mdogo!"

Kinyozi alijaribu kuingia kati. "Jamani, Kapteni yuko—"

"Wewe nyamaza!" walimwambia wote wawili, kwa mara ya kwanza wakikubaliana.

Wakaendelea. Wakaja kwenye nani alitundika nguo mbichi mbele ya dirisha la nani, na nani huamka wa kwanza na kufagia kwa kelele ili aonekane. Mama alisimama akaonyesha kwa kidole mahali hasa ambapo ndoo inapaswa kukaa, na mkewe Kinyozi akasimama mahali hapo hapo akasema haikai. Wabebaji upande wa pili wa kochi walisogeza masikio. Mpima alikuwa amefunga kalamu yake.

"Andika," Kapteni alimwambia. "Wanaishi."

"Kwa ushahidi gani, afande? Kochi ni la kuazima. Mlango ni wa kuazima."

"Nimevamia magofu miaka yangu yote ya kazi," alisema Kapteni. "Gofu haligombani. Andika."

Mpima akaandika. Wanawake wawili walitazamana kwa aibu, kila mmoja akashika jambo lake: mmoja ungo, mwingine pazia. Kinyozi alikaa juu ya kochi, kwenye ubavu uliokuwa juu, akafuta machozi ambayo aliwaambia watu ni jasho.

* * *

Furaha ilidumu hadi saa ya bikoni. Askari wawili walikuja na bikoni zenyewe, nguzo fupi za zege za mpaka, mpima akafunga kamba, na mpaka ukapita nyuma ya nyumba ukiizunguka kwa adabu kama ilivyoahidiwa. Ulipita kati ya nyumba na choo.

"Afande," Kinyozi alimkimbilia Kapteni, "nyumba mmetuachia. Choo mmekichukua."

Kapteni alikitazama choo kile, kibanda cha mabati makuukuu, upande wa jeshi. Akamtazama mpima, mpima akaangalia buti zake. Mpaka ulikuwa umeshapinda kwa ajili ya nyumba sita, ukipinda tena utafika kwenye handaki la mazoezi.

"Hatutakivunja," alisema Kapteni. "Mtakitumia mpaka mchimbe kingine. Ila bendera nyekundu ikiwa juu, tuko mazoezini, hakuna anayevuka bikoni. Mwenye shida asimame penye bikoni, ainue mkono. Mlinzi atapiga filimbi, tutasimamisha zoezi."

"Jeshi zima lisimame mtu aende chooni?"

"Ndiyo makubaliano, Kinyozi. Na wewe umepata, na mimi nimepata."

Ni kweli, wote walikuwa wamepata, lakini hakuna aliyeutaka ule mkono. Kinyozi alijizoeza kwenda kabla ya alfajiri. Mkewe alikwenda kwa Mwenye Kochi, mpaka mke wa Mwenye Kochi akaanza kumpokea kwa neno "Tena?" Ardhi ya kuchimba choo kipya ilikuwa ngumu kama chuma na mchimbaji alitaka malipo ya mbele. Mama alivumilia kimya, akapunguza chai, akapunguza na maji. Alikuwa amekataa katakata kuomba choo kwa mtu. Na siku zile hawakugombana, yeye na mkaza mwana. Walipishana kwa adabu ya kutisha, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

Asubuhi moja bendera ilipanda mapema. Kule uwanjani makuruta walikuwa wanatambaa kuelekea nyumba za mazoezi, risasi baridi, zile za kelele tu, zikilia kila upande. Mama alitoka uani na kopo, akasimama penye bikoni. Alikuwa amechoka kuvumilia. Mkaza mwana alimwona kutoka kwenye cherehani, akaacha mshono ukining'inia, akamkimbilia.

"Mama, turudi. Twende kwa jirani, nitakuombea mimi."

"Nikaombe choo, na chetu nakiona?"

Aliinua mkono. Hakuuinua kwa woga wa mwanafunzi, aliuinua kama anayesimamisha basi ambalo amelilipia. Filimbi ikalia. Risasi zikanyamaza, upande mmoja, kisha upande wa pili. Sauti ikapita uwanja mzima, "Simama! Simama! Raia anavuka!" na makuruta wakaganda walipokuwa, wengine kwa tumbo, mmoja ananing'inia dirishani mguu ndani mguu nje. Majirani walitoka barazani. Kapteni, kule mbali, aliteremsha darubini yake.

Mama alijifunga mtandio upya, akavuka. Hakuharakisha. Alipita katikati ya vijana akitikisa kichwa kwa masizi yao, akimpa pole aliyelala kwenye tope. Mkaza mwana alibaki penye bikoni, uso unamwaka kwa aibu ya wote wawili.

Kuruta mmoja aliyekuwa amepiga goti, miguu ikimtetemeka kwa kukaa hivyo, akauliza kwa heshima, "Shikamoo, bibi. Samahani, utachukua muda?"

Mama alisimama. Aligeuka akaitazama ile nyumba, kuta zake tupu, mapazia ya sare madirishani, cherehani barazani. Alizungumza kwa sauti ya kufika mpaka kwa Kapteni, na kwa majirani, na kama upepo ungesaidia, mpaka kule kwao alikoagia.

"Kaeni chini mpumzike, wajukuu zangu," alisema. "Nyumba ya wanangu ni kubwa. Kutoka chumbani hadi chooni ni safari."

Mkewe Kinyozi aliyasikia. Aliligeuza lile neno, wanangu, akijua kwamba mama yule alizaa mtoto mmoja tu duniani, naye wakati huo alikuwa kibandani akinyoa watu. Kisha akaona kwamba mama, kwa maringo yote yale, alikuwa ameliacha kopo la maji juu ya bikoni. Akalichukua, akainua mkono wake, akavuka na yeye. Makuruta, uwanja mzima, walikuwa wameshakaa chini.